Mtu wa ishara, taa za leza au trekta: nani aiingize ndege kwenye maegesho?

Ndege ikishagusa lami, abiria huhesabu safari imekwisha. Rubani anajua bado. Zimebaki mita chache za mwisho, nazo ndizo zenye vurugu kuliko anga lote alilotoka kulipita: ngazi zimepangwa pembeni, lori la mafuta linasubiri, vijana wa mizigo wamesimama na matela yao, naye ameketi juu ya pua ambayo haoni chini yake. Shirika la Flight Safety Foundation liliwahi kukadiria kwamba maegesho ya ndege duniani hushuhudia ajali na matukio kama 27,000 kila mwaka, karibu moja kwa kila ndege 1,000 zinazoondoka. Mwaka 2022 IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, ilikadiria kwamba gharama za ndege kuharibiwa zikiwa ardhini zinaweza kuongezeka maradufu na kukaribia dola bilioni 10 ifikapo 2035. Nyingi ya gharama hizo hazina moto wala vifo. Ni ngazi iliyotoboa mlango, ni ncha ya bawa iliyokwaruza mkia wa jirani, ni ndege nzima kulala uwanjani kwa sababu ya kibonyeo kidogo.

Nawaandikia wale wanaolazimika kuchagua: meneja wa kiwanja kinachokua, msimamizi wa zamu, klabu ya marubani inayogawana kipande kimoja cha lami. Njia za kuiingiza ndege kwenye nafasi yake ni nne kwa hesabu yangu, na wauzaji wa kila moja watakueleza inachoona. Mimi napendelea kuuliza isichoona, na kama kuna mtu amesimama pale isipoona.

Kwanza, una nafasi kiasi gani?

Usichague chochote kabla ya kupima. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, hupanga ndege kwa herufi kufuatana na upana wa mabawa. Herufi A ni chini ya mita 15, B ni mita 15 hadi chini ya 24, C ni 24 hadi chini ya 36, D hadi chini ya 52, E hadi chini ya 65, na F hadi chini ya 80. Kila herufi ina umbali wa chini unaotakiwa kati ya ndege inayoingia na kitu chochote kilicho jirani: mita 3 kwa A na B, mita 4.5 kwa C, na mita 7.5 kwa D, E na F. Kwa hiyo Boeing 737 au Airbus A320, ambazo ni za herufi C, zinadai mita nne na nusu kila upande. Ukiwa na lami inayobana kiasi hicho, njia mbili kati ya nne nitakazozitaja zimeshajiondoa zenyewe.

Mita hizo zina sababu. Mwezi Septemba 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza kwamba katika ndege kubwa kama Boeing 747, 757, 767 na 777, au Airbus A380, rubani kwa kawaida hawezi kuona ncha za mabawa yake mpaka afungue dirisha na kutoa kichwa nje, jambo lisilowezekana kwa urahisi. Ongeza na umbo la bawa lililolala nyuma: ndege inapokata kona, ncha hiyo hufagia nje zaidi ya pale jicho linapotarajia. Mtu aliyezoea gari hukadiria kwa mazoea ya gari, na hukosea.

Mstari peke yake

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni rangi. Unachora mstari wa kuingilia, unaweka alama ya kusimamia kwa kila aina ya ndege, rubani anafuata. Kwa ndege ndogo za injini moja, mchana, kwenye lami pana isiyo na magari, inatosha, na sioni haya kusema hivyo. Rubani anaona mabawa yake yote mawili na anaweza kuzima injini mahali popote akiwa na shaka.

Kwa ndege ya abiria ni hadithi nyingine. Alama ya kusimamia hupotelea chini ya pua kabla gurudumu halijaifikia, hivyo rubani hubaki akikisia. Mstari pia hauna habari kama mtu ameacha tela la mizigo ndani ya eneo la bawa. Na rangi huchakaa: mpira wa matairi, mafuta na mvua huifuta taratibu, mpaka siku moja mistari miwili ya ndege tofauti inaonekana kama mmoja. Ukiutegemea mstari, weka ratiba ya kuupaka upya, na uiheshimu.

Mpiga ishara

Huyu ndiye mashala, mwenye fulana ya kung'aa na vijiti viwili mkononi, vya rangi kali mchana na vya mwanga usiku. Ni njia ya zamani, na watu wa teknolojia hupenda kuizungumzia kama kitu cha kuondokana nacho. Sikubaliani nao. Mpiga ishara ana kitu ambacho kifaa cha ukutani hakina: akigeuza shingo tu anaona nafasi nzima. Anaona pikipiki ya fundi inayokatiza nyuma ya bawa. Anaona kipande cha plastiki kinachopeperuka kuelekea injini. Anaona kabari, vile vizuizi vya magurudumu, zimesahaulika mahali pasipofaa, anavuka mikono juu ya kichwa, ndege inasimama.

Lakini kazi yake ina masharti, na masharti yakivunjwa ni heri asiwepo. Viambatisho vya ICAO vinataka asiiongoze ndege mtu ambaye hajafundishwa, hajahitimu na hajaidhinishwa. Kwa ndege ya mabawa, anasimama upande wa kushoto wa ndege akiitazama, mahali rubani anapomwona vizuri zaidi. Rubani akimpoteza machoni hata kwa nukta, husimama. Hasogei kwa kukumbuka alipokuwa.

Ishara zenyewe ni lugha, na kama lugha zote, huharibika zikizungumzwa kiholela. Mikono iliyonyooshwa pembeni ikipandishwa polepole juu ya kichwa mpaka vijiti vipishane, maana yake simama. Ikirushwa juu ghafla, simama sasa hivi. Kiganja wazi kikifungwa kuwa ngumi huku macho yanakutana na ya rubani, funga breki. Na mpiga ishara hasogei mpaka rubani amjibu kwa dole gumba. Vijiti vikisukumwa kwa ndani juu ya kichwa mpaka vigusane, kabari zimewekwa. Kijiti kikipitishwa mbele ya koo kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, zima injini. Wapo wapiga ishara waliojitungia mitindo yao, yenye madoido, na marubani wa nyumbani wamewazoea. Siku akija rubani mgeni, usiku, mvua inanyesha, madoido hayo ni kelele tu.

Na kasoro yake nyingine ni ya kibinadamu. Anachoka. Jua la jioni linampiga rubani usoni na kumfuta mpiga ishara kama kivuli. Zamu ikiwa na upungufu, mtu huyo huyo hutakiwa kuongoza, kuweka kabari na kuchomeka waya wa umeme, na hapo ndipo hukimbilia gurudumu mapema. Tena, hata akiwa hodari, amesimama mbele ya pua: umbali kati ya ncha ya bawa na kitu kilicho karibu nayo anaukadiria kwa pembeni, kutoka mbali. Ndiyo maana kwenye nafasi iliyobana huhitaji mpiga ishara mmoja na walinzi wawili wa mabawa, kila mmoja kwenye ncha yake. Wao wana ishara yao: kijiti cha mkono wa kulia juu, cha kushoto kikielekezwa chini na kusogezwa kuelekea mwilini, kumwambia anayeongoza kwamba upande wangu ni salama. Ishara hiyo isipoonekana, jibu ni hapana. Kunyamaza si ruhusa.

Kwa hiyo ukisema "tutatumia mtu", unasema watatu. Piga hesabu ya mishahara kwa watatu, kwa zamu zote, ndipo ulinganishe na bei ya mashine.

Taa za ukutani

Hapa kuna vizazi viwili, na tofauti yao ni kubwa kuliko wauzaji wanavyokiri.

Kizazi cha kwanza ni taa za AGNIS. Ni taa mbili, moja pembeni ya nyingine. Zote zikionekana za kijani, uko katikati ya mstari. Moja ikiwa nyekundu, geuza kuelekea ya kijani. Hakuna elektroniki za kisasa ndani yake, ni mpangilio wa mwanga na pembe tu, na kwa hilo nazistahi. Shida ni mbili. Zimepimwa kwa macho ya rubani wa kiti cha kushoto. Aliye kulia anaona picha iliyopinda. Na zinakuambia kushoto na kulia tu, hazisemi lini usimame. Kwa hilo hukaa pembeni ubao wa PAPA, wenye ufa ambao nyuma yake kuna taa ndefu nyeupe. Ndege ikisogea, taa huonekana kama inateleza mbele ya alama za aina za ndege, na ikifika kwenye yako unasimama. Rubani asome alama sahihi kati ya alama nyingi, huku akitazama taa mbili nyingine, huku akipunguza mwendo. Inafanya kazi, na viwanja vingi vimeishi nayo miaka mingi. Lakini haijui kama wewe ni A320 au A330.

Kizazi cha pili ni kioo cha maandishi chenye leza. Mtu wa zamu huchagua aina ya ndege inayotarajiwa. Leza huipima ndege inapoingia, hulinganisha umbo lake na aina iliyochaguliwa, kisha kioo huonyesha mshale wa kumrudisha rubani katikati, umbali uliobaki ukihesabiwa kwa kushuka, na mwishoni agizo la kusimama. Marubani wote wawili wanaweza kukisoma. Hakichoki, na jua halikisumbui namna linavyomsumbua mtu. Usahihi wake ndio unaoruhusu ICAO kulegeza kidogo ule umbali wa mita 7.5 kwenye nafasi za D, E na F ambako ndege inaingiza pua, kwa sehemu ya nafasi inayoongozwa na mfumo wa aina hiyo. Kwa kiwanja kinachotafuta nafasi moja zaidi kwenye lami ile ile, hoja hiyo peke yake inaweza kulipia mashine.

Sasa upande wake wa giza. Leza inaitazama pua ya ndege. Mabawa haiyatazami kwa namna mlinzi wa bawa anavyoyatazama. Kuna mifumo inayoweza kugundua kitu kilichoziba mbele, lakini tela lililoachwa mita 15 pembeni, chini ya njia ya bawa, linaweza kukaa pale huku kioo kikiendelea kuhesabu umbali kwa utulivu mkubwa. Utulivu huo ndio hatari yake: rubani huamini kwamba kama kioo kimewaka, nafasi imekaguliwa. Haijakaguliwa na kioo. Ilipaswa kukaguliwa na mtu aliyepita kwa miguu dakika chache kabla, akaokota takataka, akahakikisha kila gari liko nyuma ya mstari mwekundu.

Kosa la pili ni la kuchagua aina. Ukimwekea mfumo ndege fupi wakati inayoingia ni ndefu, umeahidi mahali pa kusimama pasipo pake, na daraja la abiria, ile korido inayounganisha ndege na jengo, au ukuta ndio utakaolipa. Mfumo mzuri utagoma kuitambua ndege isiyolingana, na sheria kwa rubani ni nyepesi: aina iliyoandikwa si yangu, au kioo kimezimika, au kimekatika katikati, nasimama hapo hapo na kuomba mpiga ishara. Kwa mvua kubwa au ukungu leza hupoteza uwezo wa kuona mbali, na kioo humtaka rubani apunguze mwendo.

Kila mfumo wa namna hii una kitufe chekundu cha kusimamisha kwa dharura. Ukitembelea kiwanja kinachojivunia mashine yake, muulize mtu wa zamu kitufe kiko wapi. Jibu lake litakuambia mengi kuliko kijitabu cha mauzo.

Trekta

Njia ya nne ni kuzima injini nje ya nafasi na kuikokota ndege ndani. Ni ya polepole, na mashirika ya ndege huichukia kwa sababu dakika ni fedha. Lakini kwa usalama wa watu walio ardhini haina mpinzani: hakuna injini inayovuta mtu wala upepo wa nyuma unaopindua ngazi. Mwendo ni wa mtu anayetembea, kwa hiyo mlinzi wa bawa anaweza kutembea nalo bega kwa bega na kupuliza filimbi.

Trekta nayo ina mitego yake. Gurudumu la pua lina kikomo cha kugeuka, na ukilikokota kupita hapo unavunja vitu vya bei mbaya. Chuma cha kuvutia kina pini iliyotengenezwa makusudi ikatike kwanza ili kuokoa gurudumu. Ikikatika, una ndege nzito isiyoshikwa na mtu. Hapo ndipo umuhimu wa mtu aliyeketi kwenye chumba cha rubani unapoonekana, mwenye kazi moja tu ya breki, na ambaye kabla ya kuondoka amehakikisha breki zina shinikizo. Kuna viwanja vinavyomweka mtu pale kwa jina, bila kumwonyesha kipimo cha shinikizo. Huyo ni abiria.

Ningechagua nini

Kama lami ni pana na ndege ni ndogo, mstari, na rangi mpya. Kama unapokea ndege za herufi C chache kwa siku, mpiga ishara na walinzi wa mabawa, na fedha zilizobaki uzitie kwenye mafunzo na taa za usiku. Kama ndege ni nyingi, za aina mchanganyiko, na kuna madaraja ya abiria, leza, ila usimwondoe yule anayekagua nafasi kwa miguu. Wengi humfuta kazi siku mashine inapofungwa, na hapo wamenunua usahihi wa pua kwa upofu wa mabawa. Ndani ya hanga, kwenye kona iliyobana au baada ya matengenezo, trekta bila mjadala. Ninaloliepuka ni mchanganyiko wa nusu nusu: kioo kimewaka na wakati huo huo kijana amesimama pembeni akipunga vijiti. Rubani afuate kipi? Uongozi uwe mmoja, na mwingine akae tayari kusimamisha tu.

Kuingiza pua au kuzunguka mwenyewe

Suala hili huamuliwa na wachoraji wa ramani, lakini anayelipia ni mtu wa ardhini. Nafasi ya kuingiza pua hula lami kidogo na huelekeza upepo wa injini mbali na jengo. Gharama yake ni kwamba ndege haiwezi kutoka yenyewe. Lazima isukumwe nyuma, na hatari uliyoiepuka wakati wa kuingia inakusubiri wakati wa kutoka. Desemba 2015, mjini Mumbai, mhandisi wa ardhini aliuawa kwa kuvutwa na injini ya Airbus A319 wakati ndege ikiondoka. Hakuna ukuta kati ya mtu na injini wakati huo, kuna utaratibu tu.

Nafasi ya kuzunguka, ambapo ndege huingia, hugeuka na kutoka kwa nguvu zake, haihitaji trekta. Ni nzuri kwa ndege za mapanga kama ATR kwenye viwanja visivyo na vifaa. Lakini nguvu ya kuing'oa ndege iliyosimama ni kubwa kuliko ya kuiendesha ikiwa tayari inatembea, na nguvu hiyo hutolewa kuelekea nyuma, huku mkia ukizunguka. Kabla ya kuichagua, simama mahali pa kugeukia na utazame mkia utaelekea wapi katika kila hatua ya kona. Ukikuta mlango wa abiria, chagua nyingine.

Breki au kabari

Sasa ndege imesimama. Mjadala wa breki ya kuegesha au kabari haupaswi kuwepo, ila upo, hasa zamu inapokuwa na haraka. Breki nyingi hushikwa na shinikizo la mafuta lililohifadhiwa, na shinikizo hilo hushuka kadiri saa zinavyopita. Pia, baada ya kufunga breki kwa nguvu wakati wa kutua, breki zenye joto kali hutakiwa kuachiwa ili zipoe, jambo lisilowezekana kama hakuna kabari. (Ukiwa kwenye gurudumu la joto, likaribie kutoka mbele au nyuma, kamwe usitoke ubavuni, rimu na tairi zikipasuka, vipande huelekea ubavuni.)

Kwa anayebisha, kuna Toulouse. Tarehe 15 Novemba 2007, Airbus A340-600 mpya ambayo haijakabidhiwa kwa mnunuzi ilikuwa kwenye majaribio ya injini. Injini zote nne zilipandishwa nguvu, breki ya kuegesha imefungwa, kabari hazipo. Ndege ilianza kuteleza, na katika sekunde chache ilipanda ukuta wa kuzuia upepo wa injini na kuvunjika. Watu tisa walikuwa ndani, wote walinusurika, ndege ikawa chuma chakavu. Hiyo ilikuwa majaribio, si maegesho ya kawaida, lakini fizikia ni ile ile: breki hushika kiasi fulani, si kila kitu.

Kabari zenyewe? Za mbao ni nyepesi na za bei nafuu, ila hupasuka, hunywa mafuta, na zikilowa huteleza. Za mpira ni nzito na hushika lami vizuri zaidi. Zile zenye kamba au mpini mrefu hukuwezesha kuzisukuma bila kuingiza mwili kwenye njia ya tairi. Za chuma zenye meno hufaa penye barafu. Mimi ningenunua za mpira na kuzitoboa ili kutia mpini. Weka mbele na nyuma ya gurudumu, na uache pengo dogo: ndege ikijazwa mafuta hushuka, tairi hulala, na kabari iliyobanwa sana haitoki tena bila trekta.

Ni lini uisogelee

Hapa sina njia mbili za kulinganisha. Taa nyekundu inayomweka juu na chini ya ndege ikiwa bado inamweka, hakuna anayesogea kwenye injini. Tarehe 31 Desemba 2022, kwenye uwanja wa Montgomery, Alabama, ndege aina ya Embraer 175 iliegeshwa huku injini zikiendelea kwa sababu injini ndogo ya mkiani haikuwa ikifanya kazi na umeme wa nje ulikuwa bado haujaunganishwa. Mfanyakazi mmoja wa ardhini alivutwa na kufa. Kabla ya ndege kufika wafanyakazi walikuwa wamekutana na kukumbushwa, tena zaidi ya mara moja, kwamba injini zitabaki zikifanya kazi na wasubiri taa izimike. Ukilinganisha "tutawakumbusha" na "tutaweka koni na mtu wa kuzuia", chagua la pili.

Ndege za ATR zina mtego wa peke yake. Injini ya kulia inaweza kuwaka huku panga lake limefungwa kwa breki, ili kutoa umeme na hewa. Panga limetulia, kwa hiyo macho husema imezimwa, na masikio tu ndiyo yanayojua. Moshi wake ni wa moto vile vile. Mtu aliyezoea ndege nyingine afundishwe hili kabla hajapewa fulana.

Kwa ndege ndogo zinazolala nje

Kabari hazitoshi ndege nyepesi. Upepo unaweza kuinua bawa. Chagua kati ya kamba na mnyororo. Kamba za nailoni huvumilia maji na mvutano. Kamba za katani ya manila hunywea zikilowa, kwa hiyo zifungwe na ulegevu wa kama sentimita mbili na nusu, vinginevyo mvua ya usiku mmoja huvuta bawa kuelekea chini kwa nguvu ambayo halikuundiwa. Mnyororo hauchakai haraka wala haunywei, lakini hauna huruma: ukilegea, kila dharuba hugonga fremu kwa mshtuko mzima. Kamba ningeichagua mimi, na kuikagua kwa vidole kila wiki, nyuzi kwa nyuzi. Lolote utakalolitumia, lifunge kwenye pete zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, mbili za mabawa na moja ya mkia. Nguzo ya bawa usiiguse; fundo huteleza mpaka katikati yake, na hapo hata mvutano mdogo huipinda.